Kijana Aliyefia Merikebuni

Chiriku hakuwa amezaliwa na jina hilo. Alipewa na mabaharia wenzake kwa sababu ulimi wake haukuwa na likizo. Kabla ya kuingia melini alikuwa muuza viatu, na bosi wake wa zamani alikuwa akisema kwamba binti yule angeweza kumuuzia viatu mtu aliyeingia dukani kuuliza njia. Kwa hiyo siku aliposikia kwamba merikebu za maonyesho zinatafuta watu wa kuwatembeza wageni, aliacha viatu palepale, na mwezi uliofuata alikuwa baharini, amevaa sketi ndefu ya zamani na kitambaa kichwani, anatapika.

Merikebu zenyewe zilikuwa mbili. Zilijengwa kwa mfano wa zile za kale ambazo watu walivukia bahari wasizozijua, kabla ya injini, kabla ya ramani za kuaminika. Zilizunguka pamoja kutoka bandari hadi bandari. Zikifika zinafungwa gatini siku kadhaa, watu wanakata tiketi na kupanda kutazama, kisha zinang'oa nanga kwenda mji mwingine. Ile kubwa mabaharia waliiita Mama, na ndogo wakaiita Binti. Milingoti, kamba na matanga vilikuwa kama vya zamani kabisa. Lakini nyuma ya mlango mmoja uliofungwa kulikuwa na injini, friji na choo cha kuvuta maji. Mpishi alikuwa akisema kwamba mabaharia wa kale wangepewa hicho choo tu, wasingejisumbua kutafuta nchi mpya.

Kila mtembezaji alikuwa na sehemu yake. Aliyekaa kwenye usukani alizungukwa na watu tangu asubuhi. Aliyekaa kwenye mizinga alikuwa na watoto hadi mabegani. Chiriku alipangiwa chini ya sitaha, mbele kabisa, mahali penye giza na harufu ya lami, ambapo palikuwa na vitanda vya turubai vilivyoning'inizwa kwa kamba. Wageni waliinama, wakachungulia, wakasema "Kumbe walilala hivi," wakapita. Alikuwa amejiandaa kuwaeleza habari za chakula, kinyesi na panya, lakini hata panya hawakuwazuia. Kwa mtu aliyezoea kumshika mteja kwa maneno mpaka atoe pochi, jambo hilo lilimkera sana.

Siku moja, baba mmoja mnene alikuwa anawasukuma wanawe wapite upesi waende kwenye mizinga. Chiriku akajisikia anasema, "Na kitanda hiki ndicho alichofia yule kijana."

Yule baba akasimama. Watoto wakasimama. Nyuma yao watu wengine wakajaa.

Ikabidi aendelee. Akasema palikuwa na baharia kijana aliyeshikwa na homa nchi kavu ikiwa mbali. Maji ya kunywa yalikuwa yanagawiwa kwa kikombe, na wenzake walimpa sehemu ya vikombe vyao. Baharia mmoja mtu mzima alikaa naye, akamshika kichwa akimpangusa jasho, na yule kijana akawa anamzungumzia mama yake mpaka sauti ilipomwishia. Asubuhi wakamteremsha baharini. Alipomaliza hakuna aliyekuwa ameondoka. Mwanamke mmoja alipenga kamasi. Yule baba mnene alikigusa kitanda kwa vidole viwili, kwa adabu, kama anagusa mgonjwa.

Kuanzia hapo Chiriku hakukosa watu. Kila bandari aliitia hadithi chumvi kidogo, hapa kidogo, pale kidogo, mpaka ikakolea. Watu wakaanza kuulizana pale mlangoni, "Yuko wapi huyo dada wa kijana aliyekufa?"

Seremala wa merikebu, aliyekuwa akipita na nyundo yake, aliisikia siku moja. Aliwangoja wageni waondoke.

"Kitanda hicho nilikishona mwenyewe mwaka juzi," alisema. "Kama kuna mtu amefia humo, alifanya haraka."

"Watu wanajua meli ni ya mfano."

"Meli wanajua. Kijana je?"

Chiriku akacheka, na Seremala akacheka pia, wakaenda kula. Nahodha naye alikuwa ameshasikia, lakini foleni ya tiketi ilikuwa ndefu, akanyamaza.

Ndipo wakafika katika mji mmoja. Alasiri ya siku ya pili, kundi la wageni lilipopanda ngazi kurudi juu, mwanamke mmoja alibaki. Alikuwa mtu mzima, mnyoofu, amevaa gauni la kijivu lililopigwa pasi vizuri, na kwenye nywele karibu na sikio alikuwa na unga mweupe. Alikuwa mwoka mikate. Alianza kazi kabla ya jua na kutoka mchana. Alikitazama kile kitanda kwa muda.

"Aliumwa sana?" aliuliza.

"Sana, mama. Lakini si kwa muda mrefu."

"Na huyo aliyemshika kichwa, alikuwa ndugu yake?"

"Hapana. Mwenzake tu wa kazi."

"Mwenzake tu," mwanamke alirudia polepole. Akashukuru, akapanda ngazi.

Kesho yake alirudi, na tiketi mpya mkononi. Alisimama nyuma akaisikiliza hadithi yote tena, pamoja na watu wengine. Walipoondoka akaomba kukaa kidogo juu ya kasha lililokuwa pale. Chiriku alimpangusia vumbi.

"Mimi nina mwanangu," mama alianza, kisha akajirekebisha. "Nilikuwa naye. Alipata kazi kwenye meli ya mizigo. Akaugua huko huko. Walitupigia simu kutuambia amefariki na kwamba wameshamzika baharini. Baba yake akauliza, alikuwa na nani? Yule wa kwenye simu akasema yeye hajui, yeye ni mtu wa ofisini." Alinyoosha gauni magotini. "Sikuwahi kujua kama alikuwa na mtu. Ndilo lililokuwa linanila. Kufa, watu wote tunakufa. Nilikuwa najiuliza tu kama alikuwa peke yake."

Hapo ndipo Chiriku alipopaswa kusema. Neno lilimfika kabisa kooni. Lakini mama aliinua uso akamuuliza, "Unadhani wenzake walimfanyia kama hawa?" na Chiriku akajibu, "Mabaharia hawaachani, mama." Hilo lilikuwa kweli, na kwa kuwa lilikuwa kweli alilitumia kuufunika ule uongo.

Mama akamshika mkono. Viganja vyake vilikuwa vigumu na vya moto. "Mungu akubariki, mwanangu," alisema.

Jioni ile Chiriku hakumaliza sahani yake, na Mpishi, aliyechukulia sahani isiyomalizwa kuwa tusi, alimuuliza kama kuna kilichoharibika. Alisema anaumwa tumbo. Akaenda kukaa nyuma karibu na usukani, akampigia simu dada yake mkubwa, akamweleza yote.

Dada alisikiliza mpaka mwisho. "Hebu nielewe," alisema. "Umemuua mtu ambaye hakuzaliwa, na sasa umempatia wafiwa."

"Dada, usinicheke."

"Sicheki. Nilidhani kazi yako huko ni matanga ya meli, kumbe ni matanga ya msiba." Kisha sauti yake ikashuka. "Mwambie, mdogo wangu. Kesho akija, kabla hajakaa, mwambie."

Kesho yake mama alikuja na habari. Alikuwa ameshazungumza na Nahodha, naye amekubali. Jumapili angeleta ndugu zake waombe dua fupi pale kwenye kitanda. "Hatuna kaburi," alisema. "Najua si mwanangu aliyelala hapa. Lakini ni mwenzake, na alifika huko kabla yake. Nimemwambia mume wangu, na mume wangu tangu siku ya ile simu haendi popote. Amesema atakuja." Alikuwa na uso wa mtu aliyepata usingizi usiku mzima.  Chiriku alichoweza kusema ni, "Karibuni sana, mama."

Mara mama alipoondoka alikwenda kwa Nahodha. Alimkuta anakunywa chai na kusoma utabiri wa hali ya hewa kwenye simu.

"Nahodha, yule kijana hakuwapo."

"Najua hakuwapo."

"Basi kwa nini umewaruhusu waje kuomba dua?"

Nahodha aliweka kikombe chini. "Mama amekuja kwangu anatetemeka kwa furaha. Nimwambie nini? Nilikuacha useme kwa sababu watu walipenda, na hilo ni kosa langu, nitalibeba. Lakini kumwambia utamwambia wewe. Huyo kijana mimi simjui. Wewe ndiye uliyemzaa."

Chiriku alipanga kumngoja pale kwenye ngazi ya kupandia, amvute pembeni kabla hajakutana na ndugu zake, amwambie wawili tu, mama aende kuwaambia wenzake lolote analotaka. Jumapili alisimama pale tangu mlango haujafunguliwa. Lakini walikuja wote pamoja. Alikuwapo mama na gauni lake la kijivu, mume wake, mzee mrefu aliyeinama mabega, dada yake mama mwenye sauti nzito, binti wa mama aliyebeba mtoto mgongoni, na mpwa wake mmoja kijana. Walikuwa wamevaa nguo za kutokea. Binti alishika maua yaliyofungwa kwa uzi.

"Huyu ndiye niliyewaambia," mama alisema.

Wakampa mkono mmoja mmoja. Mzee aliushika wa Chiriku kwa mikono yake miwili, akauachia. Chiriku aliona haya. Miaka yote ya kuuza viatu hakuna mteja aliyewahi kumtazama kwa heshima kama ile. Alijaribu kusema, "Mama, naomba nizungumze nawe kidogo," lakini dada mtu tayari alikuwa ameshika kamba ya ngazi na kuuliza kama itambeba, wote wakawa wanamsaidia, na kufumba na kufumbua walikuwa chini.

Walisimama kukizunguka kitanda. Mzee alivua kofia.

"Wasimulie kwanza," mama alimwambia Chiriku. "Kama ulivyonisimulia mimi. Wasikie wenyewe."

Akaanza. Maneno yalikuja yenyewe, kwa sababu alikuwa ameyasema mara nyingi mno: homa, nchi kavu iliyokuwa mbali, vikombe vya maji. Alisikia sauti yake inashuka pale ilipozoea kushuka. Binti alikuwa ameanza kulia. Alipofika kwa yule baharia mtu mzima aliyekaa na mgonjwa, alimwona mzee amefumba macho na midomo yake inatembea, akakomea hapo.

"Endelea, mwanangu," mama alisema.

"Hakuna kijana," Chiriku alisema.

Hakuna aliyeelewa. Binti alipangusa macho akamtazama.

"Hakuna kijana aliyekufa hapa. Meli hii haijawahi kufiwa na mtu. Kitanda kimeshonwa mwaka juzi. Niliyatunga mimi, ili watu wasimame. Nisameheni."

Mama hakupiga kelele. "Kwamba meli ni ya mfano najua," alisema kwa utaratibu, kama anayemsaidia mtoto kusahihisha hesabu. "Pale mlangoni pameandikwa. Nilidhani ni meli mpya na habari ya zamani. Nilidhani yalitokea kwenye ile yenyewe."

"Hayakutokea popote, mama."

"Na yule aliyemshika kichwa?"

"Naye pia."

Mpwa alicheka. Hakucheka kwa ubaya. Kilimtoka kicheko kifupi cha mtu asiyejua aangalie wapi, akajiziba mdomo. Dada mtu akavuta pumzi ndefu. "Si nilikuambia," alisema, akimtazama mdogo wake, wala si Chiriku. "Nilikuambia mambo haya ya kuja kukaa kwenye meli ya maonyesho kila siku si mazuri. Umetutoa nyumbani, umemtoa shemeji nyumbani, tuje tulilie turubai."

Ndipo Chiriku alipoona alichokifanya. Alikuwa amejiandaa kuaibika yeye. Alikuwa tayari kutukanwa, hata kutemewa mate. Lakini aibu ilimpita ikaenda kumshukia mama. Mama alisimama katikati ya ndugu zake, na shingo yake yote iligeuka rangi. Aliyachukua yale maua mikononi mwa binti yake, akayatazama kana kwamba hajui yamefikaje pale, akayaweka kwenye mkoba wake na kufunga zipu, shina moja likiwa limebaki nje.

"Twendeni," alisema.

Mzee alikuwa wa mwisho kupanda. Alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. 

Merikebu zilikuwa zinaondoka Jumanne. Jumatatu Chiriku aliomba ruhusa, akavaa nguo zake za kawaida, akaenda kwenye duka la mikate. Walimwambia mama hakuja kazini, wakamwelekeza nyumbani. Alizunguka mtaa mara mbili kabla ya kupiga hodi, akijikaza, akitamani mtu amwambie wamehama.

Mzee ndiye aliyefungua. Alimtazama, akasogea kando. Sebule ilikuwa ndogo na safi: viti vyenye vitambaa vya kufuma, saa ya ukutani, televisheni iliyofunikwa, na juu ya kabati picha ya kijana aliyevaa ovaroli, anacheka na kukunja uso kwa sababu ya jua. Mama alikuwa mezani anachambua mchele kwenye sinia. Hakuinuka.

"Kaa," alisema.

Chiriku alikaa ukingoni mwa kiti. Alisema aliyokuja kusema, na yalikuwa mafupi kuliko alivyodhani. Kwamba amekosa. Kwamba hana la kujitetea. Kwamba angepaswa kusema siku ya kwanza.

Mama alitoa kijiwe kwenye mchele akakiweka pembeni. "Unajua kilichoniuma? Si kwamba ulinidanganya. Watu hudanganywa sokoni kila siku, wanarudi nyumbani, wanapika. Ndugu zangu kwa miezi wanasema nimeanza kuchanganyikiwa, na mimi nawaambia hapana. Jana umewapa ushahidi."

Chiriku aliitazama ile picha juu ya kabati. Saa ikawa inagonga. Mwishowe alisema, "Mama, kuna jambo moja. Mwaka jana, tukiwa baharini, niliumwa mimi. Homa kali, siku nyingi, sijitambui. Mpishi wetu alilala sakafuni karibu na kitanda changu. Alikuwa ananishikilia kichwa nikitapika. Seremala alifanya zamu zangu zote na hakuwahi kunidai. Na hawa si ndugu zangu. Ndivyo inavyokuwa melini. Hili ni la kweli."

Mzee, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisogea hatua moja ndani.

Mama aliacha kuchambua. Alimtazama Chiriku muda mrefu, usoni, kwenye mikono, tena usoni. Alikuwa anatafuta, na Chiriku alikaa akijiacha atafutwe.

"Huyo mpishi yupo?" aliuliza.

"Yupo. Naweza kumleta sasa hivi."

"Usimlete." Alirudisha macho kwenye sinia. "Laiti ungeanza na hilo. Ningelipokea kwa mikono miwili. Lakini unavyolisimulia, sauti ni ile ile. Pale unaposhusha, ni pale pale. Sijui nifanye nini nalo." Vidole vyake vikaanza tena kutembea kwenye mchele. "Msafiri salama."

Hakuinuka kumsindikiza. Aliyemsindikiza ni mzee, polepole, mpaka kwenye geti. Alifungua komeo, kisha akabaki amelishika.

"Hiyo homa," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza Chiriku kuisikia sauti yake. "Ulikuwa unajua kwamba kuna mtu karibu?"

"Kuna wakati nilijua, mzee. Kuna wakati sikujua."

Mzee alitikisa kichwa kukubali. Alionekana kama ana swali jingine. Halafu akafungua geti, akampisha apite, akalifunga.

Wakasafiri. Njiani Chiriku alimwomba Nahodha ampangie kazi nyingine, jikoni au kwenye kamba, na Nahodha akakataa. Alisema sehemu ile ni yake, aitengeneze. Kwa hiyo katika bandari iliyofuata alisimama tena chini ya sitaha, akaeleza habari za chakula na panya, na watu wakainama, wakachungulia, wakapita. Hilo hakulijali tena.

Alichokuwa hajakitegemea ni kwamba hadithi ilikuwa imetangulia. Siku ile ile ya kwanza walikuja wanawake wawili, na mmoja alisema shemeji yake aliwahi kupanda merikebu hizi katika mji mwingine, akamsimulia habari moja ya kusikitisha mno.

"Ni kitanda kipi?" aliuliza, akiwa ameshaandaa leso. "Cha yule kijana."

"Hakuna kijana, dada," Chiriku alisema. "Ulikuwa uongo. Nilitunga mimi."

Mwanamke alimtazama mwenzake, kisha akamtazama yeye kuanzia kwenye kitambaa hadi viatuni, akarudisha leso kwenye mkoba. Baada yao alikuja mwalimu na wanafunzi wake, naye aliuliza. Kesho yake wakauliza wengine, na katika mji uliofuata pia. Chiriku aliwajibu wote kwa maneno yale yale machache, bila kushusha sauti popote, na kila mara alingoja kwanza wamtazame mpaka watosheke, ndipo akawaonyesha ngazi ya kurudia juu.